Anayependa hesabu msimtoe kwenye kemia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba binti yake amefaulu vizuri kidato cha nne, anapenda hesabu kuliko somo lolote, na kwa sababu hiyo anahangaika kumtoa PCM (fizikia, kemia na hisabati) apelekwe tahasusi yoyote isiyo na kemia. Hoja yake ni kwamba kemia ni somo la kukariri. Nimelifundisha somo hilo mpaka nikastaafu, na maneno hayo nimeyasikia kwa wazazi, kwa wanafunzi, hata kwa walimu wenzangu wa fizikia, ingawa hao walikuwa wakinichokoza tu.

Nimjibu kwa habari za Mjapani mmoja, Kenichi Fukui, aliyezaliwa Nara mwaka 1918. Alipokuwa sekondari, kemia haikuwa somo alipendalo. Mwenyewe alikuja kuliandika hilo bila kuona haya, wakati huo akiwa na Tuzo ya Nobel ya kemia mkononi. Alichopenda ni hisabati. Baba yake, mtu wa biashara, akaenda kwa profesa Gen-itsu Kita wa Chuo Kikuu cha Kyoto kuomba ushauri: kijana huyu asomeshwe nini? Profesa akajibu kwamba kama anapenda hisabati, basi asome kemia. Sijui ni wazazi wangapi hapa kwetu wangerudi nyumbani na jibu kama hilo wakalikubali. Yule baba alilikubali. Kijana akaingia idara ya kemia ya viwandani, akahitimu 1941, vita ikamkuta akifanya kazi kwenye maabara ya mafuta ya jeshi. Mwaka 1951 akawa profesa kamili hapohapo Kyoto, kwenye kitivo cha uhandisi, akakaa humo mpaka 1982.

Kazi iliyompa jina ilitoka 1952, yeye pamoja na Teijiro Yonezawa na Haruo Shingu. Hapa mzazi mwenzangu anivumilie kidogo. Vile vidonge vyeupe vya harufu kali tunavyoweka kabatini kufukuza nondo, vile vya asili ni naftalini. Molekuli yake ina kaboni kumi, zimepangwa kwenye pete mbili zilizoshikana ubavuni. Ukiichanganya na asidi ya nitriki na ya salfuriki, kundi la nitro, yaani nitrojeni moja na oksijeni mbili, linakwenda kukaa zaidi kwenye kaboni namba moja, jirani na pale pete zinapoungana, kuliko kwenye namba mbili. Kwa nini? Mwalimu mvivu atasema andikeni, karirini, huwa linatoka kwenye mtihani. Wananadharia wa wakati ule walikuwa wakihesabu wingi wa elektroni kwenye kila kaboni, wakiamini kwamba penye nyingi ndipo patakaposhambuliwa. Lakini ukipiga hesabu hiyo kwa njia rahisi ya Mjerumani Hückel, kaboni zote kumi zinatoka sawasawa, kila moja na elektroni yake moja ya pai, yaani zile zinazotembea molekuli nzima bila kubanwa kati ya kaboni mbili tu. Hesabu haikumpendelea yeyote, na huku maabara inaonyesha upendeleo waziwazi.

Fukui akasema tusizihesabu zote. Tuzitazame zile mbili tu zenye nishati kubwa kuliko nyingine. Kwenye daladala iliyojaa, anayeshuka kwanza ni yule aliyening'inia mlangoni. Wa siti ya nyuma dirishani hata hajui kituo kimefika. Elektroni hizo mbili za mlangoni zimegawanyikaje? Kila kaboni ya aina ya namba moja inapata 0.36, kila ya aina ya namba mbili inapata 0.14, na zile mbili za kwenye maungio hazipati kitu. Ziko nne za aina ya kwanza na nne za aina ya pili. Zidisha, jumlisha, utapata mbili kamili. Jibu la maabara limetoka kwenye karatasi, na hakuna aliyekariri chochote. Fukui aliziita elektroni za mpakani.

Wakemia wengi hawakumshangilia, hisabati yake iliwachosha. Ilibidi ifike 1965, huko Harvard, Robert Woodward, ambaye kwa kutengeneza molekuli ngumu hakuwa na mpinzani, na kijana Roald Hoffmann watoe kanuni zao. Walieleza kwa nini mnyororo wa kaboni nne unapojifunga kuwa pete, ncha zake hugeuka kuelekea upande mmoja ukipashwa moto, na pande zinazopingana ukimulikwa mwanga. Siri ilikuwa kwenye zile elektroni za juu kabisa. Ndipo watu wakarudi kusoma makala za Kyoto. Mwaka 1981 Fukui na Hoffmann waligawana Nobel, na Fukui akawa Mwasia wa kwanza kuipata ya kemia. Woodward alikuwa amefariki 1979, na tuzo ile haipewi marehemu.

Sisemi maabara haina kazi, wasije wakuu wa shule wakapata kisingizio kipya cha kutonunua kemikali. Fukui mwenyewe alikuwa katikati ya watu wa chupa na majaribio, na kitendawili cha naftalini kilitoka kwao. Ninachosema ni kwamba oganiki, yaani kemia ya kaboni, tunayowafundisha watoto, orodha ya mimenyuko na vitendanishi vyake, huwakimbiza walewale ambao somo linawahitaji. Binti anayeuliza "kwa nini" kila kipindi anaonekana msumbufu. Baada ya mihula miwili anahamia kwingine, nasi tunabaki na wenye kumbukumbu nzuri.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu ya kubadilisha tahasusi, mzazi ampe binti swali hili: x⁴ − 3x² + 1 = 0. Aweke y mahali pa x², halitamsumbua. Atapata majibu manne, 1.618 na 0.618 pamoja na hasi zake. Kwa njia ileile ya Hückel, hizo ndizo ngazi za nishati za elektroni za pai kwenye butadaini, molekuli ya kaboni nne inayotengenezewa mpira wa matairi. Elektroni zenyewe ziko nne, kila ngazi inabeba mbili, na zinajaa kuanzia ngazi ya nishati ndogo. Amwambie mzazi wake: kati ya ngazi hizo nne, Fukui angeitazama ipi kwanza?

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tanga