Barua kwa vijana wa Lubumbashi watakaoandikisha wachaguzi

Wana wangu wa Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na komine zote,

Kabla ya uchaguzi wa 2028, CENI, tume huru ya uchaguzi ya Kongo, itatafuta tena vijana wa kazi ya muda vituoni: marais wa vituo, wajaza fomu, maopereta wa mashine. Wengi wenu mtaomba, na ni haki yenu. Lakini kuna jambo ambalo wanaowatafutia nafasi hizo hawatawaambia: fomu ikiwa ya uongo, sahihi inayoonekana chini yake ni ya opereta. Aliyemtuma hayumo popote katika karatasi.

Sheria ya msingi ya kuandikisha wachaguzi ni namba 04/028 ya tarehe 24 Desemba 2004, iliyorekebishwa mwaka 2016, nayo ina sura yake ya adhabu. Nyuma yake iko Kodi ya Adhabu, yaani kitabu cha sheria za jinai, na ndiyo ninayotaka muisome kwa makini. Kifungu cha 124: anayeghushi maandishi kwa nia ya udanganyifu au ya kudhuru hufungwa miezi 6 hadi miaka 5, au hutozwa faini, au vyote viwili. Kifungu cha 125: akiwa ni mtumishi wa leta (serikali) aliye kazini, kifungo kinaweza kufika miaka 10. Kifungu cha 126: anayeitumia karatasi ya uongo akijua, kwa nia ileile, huadhibiwa kama aliyeighushi.

Oneni tofauti hiyo. Jirani anayedanganya umri wake huenda tribinali ya amani, mahakama ya chini, na kosa lake hufa baada ya miaka 3 asiposhtakiwa. Ninyi mkihesabiwa watumishi wa leta, mtaenda tribinali kubwa, na kosa litawafuata miaka 10. Wakili anaweza kubisha kwamba mtu wa kazi ya muda si mtumishi wa leta. Hoja hiyo ni nzuri, lakini si vizuri kungojea jibu lake ukiwa gerezani Kasapa.

Kosa la mkono si jinai. Ukiandika Mwamba badala ya Mwaba, ukigeuza siku na mwezi wa kuzaliwa, hapo hakuna nia ya udanganyifu. Shida huanza unapojaribu kulificha. Opereta anaona kosa jioni, anachana fomu, anaandika mpya, anaweka sahihi ya mchaguzi ambaye amekwisha kwenda nyumbani. Kosa la herufi moja limekuwa kughushi kweli. Kwa hiyo: sahihisha mchaguzi akiwa mbele yako, kabla kadi haijatoka. Ukigundua baadaye, mwambie rais wa kituo, liandikwe katika ripoti ya siku. Fomu iliyoharibika isichanwe. Ikatwe kwa mstari, ihifadhiwe pamoja na nyingine, ili jioni hesabu ya fomu, ya kadi zilizotoka na ya zilizoharibika zikubaliane.

Uongo unaoletwa sana ni wa umri. Kwetu kadi ya mchaguzi ndiyo kitambulisho, na mzazi anataka mtoto wake wa miaka 15 aweze kusafiri au kusajili simu. Ninamwelewa; miaka mingi leta haikutupa kadi nyingine. Hata hivyo mkatalieni. Umri huhesabiwa mpaka siku ya uchaguzi, si siku ya kuandikishwa, kwa hiyo wa miaka 17 huenda anaruhusiwa: angalieni tarehe kabla ya kumfukuza. Mtoto aliyedanganya hupelekwa kwa jaji wa watoto. Mzazi aliyempanga na opereta aliyekubali ndio wanaobaki na Kodi ya Adhabu.

Uongo wa pili ni wa wakubwa. Viti vya wabunge hugawiwa kwa hesabu ya walioandikishwa katika kila eneo, basi kuna wanaotaka majina yaongezeke kwao: watu wanaletwa kwa lori, au mtu mmoja anaandikishwa mara mbili. Alama za vidole hulinganishwa Kinshasa. Mwaka 2018 majina zaidi ya milioni 6 yaliondolewa katika orodha, mengi yakiwa ya waliojirudia, mengine ya watoto. Aliyehama atake kuhamishiwa kituo kipya, asianze upya kana kwamba hajawahi kuandikishwa.

Ukiamriwa kufanya uongo, jibu kwa sauti, mashahidi wa vyama wakisikia. Andika siku, saa na maneno uliyoambiwa. Amri ikitoka kwa rais wa kituo mwenyewe, peleka karatasi hiyo kwenye ofisi ya CENI ya mahali au parike (ofisi ya waendesha mashtaka), na ubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Usipokee hata pesa ya soda. Rushwa ni kosa jingine, linaongezwa juu ya lile la kwanza. Na usimwachie mtu neno lako la siri la mashine “kwa dakika moja”. Kodi ya numerike, sheria ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023 nayo huadhibu kubadilisha data bila haki, na jina litakaloonekana ni lako.

Ukiitwa na OPJ, yaani ofisa wa polisi anayechunguza makosa, nenda na wakili. Polisi haiwezi kukushika zaidi ya saa 48 bila kukufikisha mbele ya wenye mamlaka ya sheria; ndivyo Katiba inavyosema katika kifungu cha 18. Soma maelezo yako yote kabla ya kuweka sahihi, na lisilo neno lako likatwe.

Mzee wenu, Katuba