Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

YAH: SIRI ZA WATEJA WA STESHENARI NA PROGRAMU ZA AKILI MNEMBA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tafadhali husika na somo lililotajwa hapo juu. Ninaendesha steshenari jirani na mahakama ya mwanzo mjini Morogoro, na kwa miaka 14 riziki yangu imetokana na kuchapa mambo ambayo watu hawayasemi hadharani: madai ya talaka, maombi ya mirathi, barua za kujitetea kazini, maelezo ya wagonjwa wanaoomba msamaha wa gharama za matibabu. Mchapaji hakula kiapo kama wakili au daktari, lakini kila neno linapita machoni pake. Zamani siri hizo zilibaki ndani ya kompyuta moja, na mteja mwenye wasiwasi aliweza kusimama nyuma yangu hadi aone faili limefutwa. Siku hizi haziishii hapo.

Mwaka huu alikuja mama mmoja na kurasa nne za daftari alizoziandika kwa mkono, akitaka zigeuzwe kuwa barua ya kuomba matunzo ya mtoto, aipeleke Ustawi wa Jamii. Kijana wangu, ambaye kwa kazi ni hodari kuliko mimi, alizipiga picha kurasa zile kwa simu, akazipakia kwenye programu ya akili mnemba, na baada ya muda mfupi akapata barua iliyonyooka, yenye aya na heshima zote. Mama alifurahi, nami nikafurahi, maana kazi ya saa nzima ilikuwa imekwisha kabla chai haijapoa. Kesho yake mwanafunzi wa chuo aliketi kwenye kompyuta ya duka kurekebisha wasifu wake, na pembeni mwa kioo akakuta orodha ya mazungumzo yote ya akaunti yetu, kila moja likiwa na kichwa kilichotungwa na programu yenyewe. Kimojawapo kilikuwa na jina la yule mama na neno “matunzo”. Kumbe mwanafunzi huyo na mama huyo ni wapangaji wa nyumba moja.

Kosa lile ni la duka langu na sina wa kumsukumia. Nalitaja kwa sababu wengi wetu katika biashara hii tunatumia akaunti moja ya bure, ambayo kila anayekalia kiti anaikuta imefunguliwa, na mteja haulizwi.

Hata hivyo, kilichoonekana kwenye kioo ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Maandishi yanayoingizwa kwenye programu hizi husafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni zilizo nje ya nchi, na kwa akaunti za kawaida za ChatGPT, mojawapo ya programu hizo, yanaweza kutumika kuifundisha programu, isipokuwa mtumiaji aingie kwenye mipangilio na kukataa. Sijaona mchapaji aliyewahi kuingia huko. Tunajifariji kwamba tutafuta, lakini kufuta nako kuna mipaka: Mei 2025 mahakama nchini Marekani, katika kesi ambayo gazeti la The New York Times liliishtaki kampuni ya OpenAI, yenye ChatGPT, iliamuru kampuni hiyo ihifadhi mazungumzo ya watumiaji, yakiwemo yale waliyokwisha kuyafuta, na wajibu huo ulidumu hadi Septemba. Katikati ya mwaka huohuo, mazungumzo ambayo watu walikuwa wameyatengenezea kiungo cha kuwatumia wenzao, na kuruhusu yaonekane kwa wanaotafuta mtandaoni, yalianza kutokea kwenye Google hadi kampuni ikaiondoa ruhusa hiyo. Wahandisi wa Samsung nao waliingiza msimbo wa programu za kompyuta za kampuni yao, ambao ni siri, kwenye ChatGPT mwaka 2023, na mwajiri wao akapiga marufuku. Kama wahandisi walijisahau, sioni ajabu kwa kijana wa steshenari.

Sikuombi upige marufuku. Mama yule hakuwa na fedha za wakili, na barua aliyoipata ilikuwa bora kuliko ambayo ningemwandikia mimi. Marufuku ingewafanya vijana wetu waihamishie kazi hiyo kwenye simu zao binafsi, ambako hata mimi nisingeona kinachoendelea.

Ninachoomba ni tamko la Tume kwa Kiswahili ambacho mwenye duka atakielewa bila kusomewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na ina masharti juu ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Je, nikibandika barua ya mteja kwenye programu hizo, nimesafirisha taarifa zake nje? Je, steshenari yenye kompyuta tatu ni mchakataji wa taarifa binafsi anayetakiwa kusajiliwa? Na ridhaa ya mteja ipatikane vipi, ilhali wengine hawajawahi kuisikia hiyo akili mnemba?

Ukurasa mmoja ungetosha, na halmashauri zinazotupa leseni za biashara zingeweza kuutoa pamoja na leseni. Dukani kwangu nimeanza na utaratibu wa kienyeji: jina, namba ya NIDA, namba ya simu na jina la mtaa haviingizwi, tunaandika “Mdai” na “Mdaiwa”, kisha tunajaza wenyewe baada ya barua kurudi. Nimegundua kuwa hilo nalo halitoshi, kwa sababu ukiandika “mwalimu mkuu wa kike wa shule pekee ya kata” umeshamtaja mtu bila jina. Hapo ndipo tunapohitaji watu wenye utaalamu kama ninyi. Picha za vyeti vya hospitali tumeacha kabisa kuzipakia, na akaunti ya duka inafungwa kila mteja anapoinuka.

Yule mama alirudi wiki mbili baadaye kuchukua nakala. Nilimwomba radhi, nikamweleza kwamba mazungumzo yale tumeyafuta. Akaniuliza, “Mwanangu, kwa hiyo hiyo mashine imeshasahau?” Sikuweza kumjibu, na ameahidi kupita tena mwisho wa mwezi.

Wako mtiifu,
Mwenye steshenari, Morogoro