Wenye baipola tuelezwe kabla ya Ramadhani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madaktari na jamaa wa wagonjwa kabla mwezi haujaandama.

Mimi ni mshona kofia wa Wete, Pemba, na nina baipola, maradhi ya akili ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Ikinipanda silali, nashona hadi alfajiri, nakopa nyuzi na vitambaa dukani kama mwenye harusi, na mdomo haunitulii. Ikishuka, hata kushika sindano ni kazi. Mtaani wanasema nina jini. Sigombani nao, kisomo nasomewa, lakini dawa siachi.

Dawa yenyewe ni lithiamu, na hapo ndipo penye hoja yangu. Inataka maji na chumvi mwilini visipungue. Mtu akifunga kutwa kwenye joto, jasho likamtoka, kiwango cha dawa kwenye damu kinaweza kupanda hadi kikawa sumu: mikono inatetemeka, anatapika, hawezi kusimama sawasawa. Nyumbani watasema ni saumu tu. Kuikatiza dawa ghafla nako kunaweza kurudisha maradhi. Basi kliniki zitupime damu mapema, mwezi wa Shaabani, na zimwambie kila mgonjwa wazi kama afunge au asifunge. Ruhusa ya mgonjwa ipo, Suratul Baqara aya ya 184.

Jamaa nao. Dada yangu hanihubirii. Asubuhi huuliza tu, "Kaka, jana ulilala?" Akiniona najibu mbiombio, pesa za kofia anazishika yeye, na siku hiyo hiyo tunakwenda kwa daktari.

Mshona kofia,
Wete, Pemba