Mkeo si mvivu: barua kwa vijana wa Tanga mliooa

Wanangu, asalaam aleikum.

Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Hapa mtaani kwetu Ngamiani, binti mwenye mimba ya miezi saba amebebwa usiku kwenye bajaji, mwili mzima unakakamaa, ulimi kauuma, khanga imelowa. Kifafa cha mimba. Dawa yake ya presha ilikuwepo juu ya kabati, pakiti karibu nzima. Aliiacha kwa sababu mumewe na mawifi walikuwa hawaishi kumsema: analala mpaka adhuhuri, tumeoa gogo. Alhamdulillahi amepona, na mtoto kazaliwa njiti lakini anapumua.

Sisemi vidonge peke yake vingezuia yote. Lakini kumuachisha mjamzito dawa ya presha kwa maneno ya sebuleni, hilo siwezi kulinyamazia.

Dawa yenyewe ni methyldopa, wengi mnaijua kwa jina la Aldomet. Ipo tangu miaka ya 1960, na sisi wakunga tumewapa wajawazito wengi mno. Dawa hii hupitia ubongoni. Kule chini nyuma, ubongo unapokutana na uti wa mgongo, ndiko zinakotoka amri za kuufanya moyo upige kwa nguvu na mishipa ya damu ibane. Methyldopa ikifika huko hugeuka kuwa kitu kinachofanana na kemikali ya ubongo wenyewe, na amri zile zinapungua. Mishipa inalegea, presha inashuka. Ila ubongo huohuo ndio unaotuweka macho, kwa hiyo usingizi unamjia, mdomo unakauka, na akiinuka ghafla anaona kizunguzungu. Usingizi huwa mzito siku za mwanzo na pale dozi inapoongezwa, kisha kwa wengi hupungua. Akiiacha, mara nyingi siku mbili hazipiti presha imeshapanda tena.

Basi ukimkuta amelala saa nne asubuhi na vyombo vya jana viko palepale, vioshe wewe. Mikono unayo. Teka maji, bandika chai, mpelekee. Nimewaona wodini wanaume wazima wakilia koridoni, na miezi yote ile hawakuwahi kumpokea mke ndoo. Hii pwani yetu inajua sana kumpamba bi harusi. Akishika mimba akalemewa, tunaanza kumhesabia mikeka aliyofagia na asiyofagia. Mjamzito anapimwa kwa saa aliyoamka, hakuna anayeuliza presha yake leo imesoma ngapi!

Kuna na hili la kugawiana vidonge. Mama mkwe ana dawa yake ya presha, losartan au captopril, anamkatia mkwewe: "Meza hii, haina usingizi." Ni kweli hailazi mtu, maana kazi yake haipitii ubongoni. Lakini dawa za jamii hiyo huumiza figo za mtoto tumboni, maji ya uzazi yakapungua, na mtoto anaweza kufa. Mama zangu, vidonge vyenu viacheni kwenye mikoba yenu.

Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma asivimeze wakati mmoja na methyldopa, vinaipunguzia nguvu. Muuguzi wa kliniki awapangie saa.

Akijifungua msidhani presha imekwisha. Arudi kupimwa, na aulizie kubadilishiwa dawa, kwani methyldopa inaweza kumtia huzuni mzazi.

Kichwa kikimuuma sana, akiona maluweluwe, akiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono ikimvimba ghafla, au kipimo kikisoma 160 kwa 110: hospitali, usiku huohuo. Dua isomeni humo kwenye bajaji mkielekea Bombo. Msimkalishe nyumbani kumsubiri mtu wa kombe.

Na kliniki uende naye, mwanangu. Kaa naye kwenye benchi, saa za vidonge ziandike kwenye simu yako. Ukiona usingizi umemzidi hata kula hawezi, mwambieni daktari. Ziko dawa nyingine wajawazito wanapewa, kama nifedipine, ambayo hulegeza mishipa yenyewe. Kubadilisha ni kazi ya daktari, si ya wifi.

Bibi yenu,
Mkunga mstaafu, Ngamiani, Tanga