Tusitandaze vitofali ua mzima bila kufikiria maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie desturi inayoenea kwa kasi hapa Mtwara na kwa ndugu zetu wa Lindi, ya kutandaza vitofali vya pavingi katika ua wa nyumba kuanzia getini hadi barazani, na mara nyingi mpaka nyuma ya jiko. Sina ugomvi na vitofali vyenyewe. Vinaondoa vumbi la kiangazi na tope la masika, na bomba likipasuka chini yake fundi huving'oa, akaziba bomba, kisha akavirudisha vilevile, jambo lisilowezekana kwa sakafu ya zege la kumwaga. Ninacholalamikia ni namna tunavyovinunua na tunavyovitandaza.

Kwetu kazi hii hufuata korosho. Minada ikianza mwezi Oktoba na fedha zikaingia, kila mwenye nyumba anataka ua uwe tayari kabla mvua hazijakolea, watengenezaji wanaelemewa na oda, na vitofali vilivyopaswa kumwagiliwa maji kwa siku zisizopungua 7 na kuachwa vikomae hadi siku ya 28 hupakiwa kwenye lori vikiwa bado vibichi. Matokeo yake pembe zinameguka mapema. Mnunuzi naye huuliza rangi na bei ya mita moja ya mraba. Ni nadra kumsikia akiuliza vimefyatuliwa lini, au mchanga umetoka wapi, ilhali sisi watu wa pwani ndio tuliopaswa kuuliza zaidi, kwa kuwa mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi huchangia ule weupe unaojitokeza juu ya kitofali na kuiharibu rangi iliyolipiwa. Unene pia hausemwi. Milimita 60 zinatosha kwa waendao kwa miguu na gari dogo, lakini panapoingia lori la kunyonya maji taka zinahitajika milimita 80.

Hata kitofali kilichokomaa vizuri hakibebi gari peke yake. Gurudumu likikikanyaga, uzito husambaa kwa vilivyo jirani kupitia mchanga mkavu uliojazwa katika nafasi za katikati, navyo husaidia ikiwa tu pembeni pamejengwa ukingo wa zege unaovizuia kutawanyika. Mahali pa kuegesha gari ni vyema vipangwe kwa kupishana kama ukili wa mkeka, kwa sababu mpangilio huo hausukumwi kirahisi na magurudumu. Chini yake panatakiwa kifusi kizuri cha sentimita 10 hadi 15, kilichoshindiliwa kwa mashine, kisha mchanga wa kulazia wa sentimita 3 tu. Mafundi wengi hufanya kinyume: hawashindilii, bali humwaga mchanga mwingi ili kuficha mabonde, na katika ardhi yetu ya kichanga haichukui muda kabla gari la mwenye nyumba halijachora mifereji miwili kutoka getini. Hapo hulaumiwa kiwanda cha vitofali, ambacho safari hii hakina kosa.

Jambo linaloniumiza zaidi, hata hivyo, ni maji. Ua wa mita 15 kwa 20 una mita za mraba 300, na mvua ya milimita 50, ambayo si kitu cha ajabu kwetu wakati wa masika, huumwagia lita 15,000. Zamani sehemu kubwa ilizama mchangani. Vitofali vya kawaida vilivyobanana hupitisha maji kidogo sana, kwa hiyo karibu yote hutiririka kwa jirani wa bondeni au barabarani, na kuuacha mtaa mzima ukilaumu mitaro. Fundi mwangalifu huweka mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, unaoelekeza maji mbali na msingi wa nyumba hadi kwenye bustani au shimo la kokoto lililo ndani ya kiwanja hichohicho. Vilevile mwembe na mnazi viachiwe duara la udongo wazi, maana wapo wanaozungushia saruji hadi kwenye shina halafu wakashangaa mti unapodhoofika.

Ningependa Manispaa ya Mtwara-Mikindani na ile ya Lindi, zinapopokea ramani kwa ajili ya kibali cha ujenzi, ziwatake waombaji waoneshe maji ya uani yataishia wapi. Kwa waliokwisha kutandaza ua mzima, dawa si ghali: wang'oe mistari michache upande wa chini wa mteremko, mbali na msingi, wajenge ukingo mpya na kujaza kokoto mahali pale, na vitofali vilivyotolewa wavihifadhi kwa ajili ya kubadilishia vitakavyovunjika.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara