Meli haisubiri ndege, mbona kurasa za safari hamsemi?

Ndugu Mhariri,

Nausoma sana ukurasa wenu wa safari na siku hizi naona makala za likizo za melini zimekuwa nyingi, nzuri, picha za mabwawa na kumbi za chakula na jua likizama baharini, sawa, hatukatai. Ila karibu zote zinaanza msafiri akiwa tayari yuko kwenye ngazi za meli utadhani kashushwa pale na malaika. Nani kamfikisha? Watu wengi hawakai jirani na bandari zinakoondokea hizo meli, wanapanda ndege kwenda na wakimaliza wanapanda ndege kurudi, na hapo katikati ya uwanja wa ndege na gati ndo likizo za watu zinapoharibikia. Naomba nafasi niliseme manake hata mawakala hawalisemi, wao wanakuuzia chumba chenye dirisha basi, habari ya ndege utajijua.

Kwanza saa. Meli iliyoandikwa inaondoka saa 10 jioni, kwako wewe inaondoka saa 8 na nusu au saa 9 kamili, kwa sababu kaunta ya bandarini hufungwa kati ya dakika 60 na 90 kabla, na sio roho mbaya ya yule dada wa kaunta, kwa mfano bandari za Marekani majina ya abiria lazima yawe yamefika kwa watu wa mipaka si chini ya dakika 60 kabla meli haijang'oa nanga. Jina lako likikosekana kwenye hiyo orodha umekosekana, hata kama unaiona meli pale mbele yako imesimama. Na ndege ikichelewa mnachelewa wote mliomo, lakini meli ina maelfu ya watu wameshapanda na wanasubiri kuondoka, nani atamsubiri mtu mmoja aliyekwama angani?

Alafu kuna hili la majina ya miji. Tangazo linasema safari inaanzia Roma, kumbe meli iko Civitavecchia, ukitua uwanja wa ndege wa Fiumicino bado una zaidi ya kilomita 60 za barabara au treni. Wanasema London, meli iko Southampton, karibu kilomita 100 kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow. Wanasema Orlando, bandari ni Port Canaveral, kama kilomita 70 hivi. Sasa mtu kaangalia ramani ya simu usiku akaona ndege inatua saa 5 asubuhi na meli ni saa 10, akasema muda ninao mwingi, kumbe hajahesabu foleni ya uhamiaji, mkanda wa mabegi, foleni ya barabarani na ile kaunta inayofungwa. Hana muda huyo. Zipo bandari za raha kama Fort Lauderdale ambako uwanja na gati ni majirani kabisa, ila hizo ni chache.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua watu wataguna kwa sababu ya hela ya hoteli, ni kwamba fika siku moja kabla. Kama ni majira ya theluji au unaunganisha ndege mbili au zaidi basi fika siku mbili kabla. Ile hela ya hoteli sio hasara hata kidogo, wengine tunaihesabu kama sehemu ya nauli.

Na ukinunua ndege kivyako na meli kivyake ujue hao wawili hawajuani. Ndege ikichelewa, deni la shirika la ndege ni kukufikisha mji uliolipia, hata kesho yake, habari ya meli haiwahusu. Ulaya kuna sheria ya fidia, kuanzia euro 250 mpaka 600 ukichelewa kufika kwa masaa matatu au zaidi kwa kosa lao, ni nzuri, lakini hairudishi meli iliyokwenda. Kampuni nyingi za meli zinauza na tiketi za ndege pia, mara nyingine bei iko juu kidogo, ila ukichelewa kwa ndege waliyokukatia wao mara nyingi ndo wanaohangaika kukufikisha bandari inayofuata. Soma masharti kabla ya kusaini, usitegemee maneno ya mdomoni.

Watu wanasema ah, nikiikosa nitaifuata mbele. Kuifuata kuna kazi! Mwaka 2024 abiria 8 waliachwa kisiwani São Tomé, wao walichelewa kurudi kutoka matembezini sio ndege, lakini angalieni walivyohangaika, walikatiza nchi kadhaa mpaka Gambia, meli ikashindwa kutia nanga huko, ikabidi waifuate mpaka Senegali. Na kila nchi unayopita kuifukuza meli inaweza kutaka viza yake. Marekani ndo kuna kali zaidi, wana sheria ya tangu mwaka 1886 inayozuia meli za nje kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani kumshusha bandari nyingine ya hapo hapo Marekani bila kupita bandari ya mbali ya nje, ndo maana mtu akiikosa meli ya Alaska pale Seattle anaweza kukatazwa kwenda kuidandia Juneau, bandari ya huko Alaska ambayo nayo ni Marekani, hata kama nauli yake kalipa yote.

Tukija kwenye viza hapa ndo naomba msome taratibu. Kaunta ya ndege inaangalia kama una ruhusa ya kuingia nchi unayotua. Lakini safari ya meli inatoka na kurudi. Una viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia mara moja, umepanda meli Athens, meli ikaenda Kusadasi Uturuki au Kotor Montenegro, ukishuka hapo umeshatoka Schengen, na kurudi ni kuingia mara ya pili ambayo huna. Wengine wanazuiwa hata kabla ya kupanda, na ndo bora kuliko kukwama katikati. Omba viza ya kuingia mara nyingi, na kwenye maombi weka ratiba nzima ya meli na sio tiketi ya ndege peke yake. Kroatia iliingia Schengen mwaka 2023 kwa hiyo Dubrovnik haisumbui tena kama zamani. Marekani vilevile, meli ikienda Bahamas na kurudi unakaguliwa upya.

Pasipoti, nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 mbele, Schengen wao wanataka miezi 3 baada ya siku utakayotoka na iwe imetolewa ndani ya miaka 10. Hesabu kuanzia mwisho wa safari, sio siku ya kuondoka nyumbani. Na kama unatua Barcelona alafu unarudi nyumbani kutokea Athens, chapisha tiketi ya meli uwe nayo mkononi, kwa sababu mtu wa kaunta ya ndege akiona tiketi ya kwenda tu atakuuliza unatokaje huko, na wana haki ya kuuliza, ukikataliwa kuingia shirika ndo linakurudisha na linaweza kupigwa faini juu. Kadi ya homa ya manjano nayo, tangu Julai 2016 ni ya maisha, haiishi tena baada ya miaka 10, ila sindano lazima uwe umechoma siku 10 kabla ndo ihesabike, na iwe kwenye begi la mkononi.

Begi la mkononi hilo hilo liwe na dawa, chaja na nguo ya kubadilisha. Sababu ziko mbili, moja mnaijua, mabegi yanapotea kwenye ndege, ya pili ni kwamba ukifika gatini begi kubwa wanalichukua wapagazi na linaweza kukufikia chumbani jioni kabisa. Zile lebo za karatasi za meli usizifunge ukiwa nyumbani, mikanda ya uwanja wa ndege inazichana, zifunge ukishatua. Begi likikosekana usitoke ukumbi wa mizigo bila ripoti yenye namba, alafu wape jina la meli na orodha ya bandari na tarehe zake. Ukiwaachia anwani ya nyumbani begi litakwenda nyumbani na wewe uko baharini na shati moja. Kwa mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, malalamiko ya begi lililochelewa ni kwa maandishi ndani ya siku 21 toka ulipolipata, lililovunjika siku 7.

Pasi ya nguo na mishumaa ndege inakubali, meli inanyang'anya. Pawabenki ndege inataka uwe nayo mkononi, usiitupie kwenye begi la chini.

Kurudi sasa, mimi naona ndo kugumu zaidi kwa sababu watu wamechoka na akili iko likizo bado. Usiku wa mwisho mabegi yanatakiwa nje ya mlango, yanabebwa usiku huo huo, na kila safari hakosi mtu aliyepaki pasipoti humo, au viatu vyote, asubuhi anashuka na kandambili za bafuni. Meli inatia nanga saa 12 au saa 1 asubuhi lakini hakuna anayeshuka mpaka wakuu wa bandari waruhusu, na mnashuka kwa makundi. Meli ya Icon of the Seas peke yake inaweza kubeba abiria 7,600, na siku za kushusha abiria waliomaliza na kupakia wapya meli kadhaa zinashusha pamoja, wote hao wanaelekea uwanja mmoja. Kwa hiyo tiketi ya ndege ya saa 3 asubuhi usinunue hata wakikupa bure. Uwanja ukiwa jirani anzia saa 7 mchana, ukiwa mbali saa 9. Anayeweza kubeba mabegi yake mwenyewe ajiandikishe kundi la kujibebea, hao hutangulia.

Kuna na shida ya upande wa pili ambayo haiandikwi kabisa. Ndege yako ni ya usiku, umeshushwa asubuhi, unafika uwanjani saa 4 na kaunta ya shirika haifunguliwi mpaka masaa matatu kabla ya ndege. Huwezi kuingia ndani, mabegi huwezi kuyaacha, choo chenyewe mnaenda kwa zamu. Nimewaona wazee wamekaa juu ya masanduku mchana kutwa. Uliza mapema kama bandari au uwanja una mahali pa kutunza mizigo, na baadhi ya bandari mashirika ya ndege yanapokea mabegi hapo hapo gatini, unabaki mikono mitupu. Na ndege ya saa 6 na nusu usiku tarehe 15 ni ule usiku wa kuamkia 15, uwanjani unakwenda jioni ya tarehe 14, hapa watu wanaachwa kila siku.

Wanaonunua chupa za pombe kwenye duka la meli, meli nyingi wanakutunzia mpaka usiku wa mwisho ndo wanakupa. Iingie begi kubwa kabla hujalitoa mlangoni, kwa sababu kwenye ukaguzi wa mkononi viwanja vingi kinywaji kikizidi mililita 100 kinaishia kwenye pipa. Kinywaji chenye kilevi zaidi ya asilimia 24 mpaka 70 mwisho lita 5 kwa mtu, kuzidi asilimia 70 hakipandi kabisa.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Kila mnapoandika safari ya meli wekeni chini jina la bandari yenyewe, umbali wake kutoka uwanja wa ndege na saa kaunta inapofungwa, mistari mitatu tu. Na wale mawakala wanaotangaza humo gazetini kwamba bei yao ina ndege ndani yake, waambieni waandike ndege hiyo inatua saa ngapi na siku gani.

Msomaji wenu wa siku nyingi