Malalamiko kuhusu ugezi wa vipima gesi: kifaa kinachosoma sifuri si lazima kiwe kizima

Kwa: Meneja wa Huduma za Ufundi,
Karakana ya Matengenezo ya Vipima Gesi

Ndugu Meneja,

YAH: VIPIMA GESI 12 VILIVYORUDISHWA NA VYETI ILHALI 5 HAVIFAI KUTUMIKA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Vipima gesi vyetu 12 vya kubeba, kila kimoja na vihisi vinne (oksijeni, gesi zinazowaka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi), vimerudi kutoka karakana yenu vikiwa safi, na kila kimoja na cheti cha ugezi (yaani kurekebisha usomaji wa kifaa ulingane na gesi ya kiwango kinachojulikana) chenye muhuri wa kufaulu. Utaratibu wetu ni kwamba hakuna kifaa kinachoshuka shimoni bila kupuliziwa gesi ya majaribio siku hiyohiyo, hata kama cheti chake kimetoka jana. Vitano vilishindwa. Vitatu havikuiona methani kabisa, na viwili vilizidisha usomaji wa haidrojeni salfaidi.

Tunaeleza jaribio lilivyofanyika ili lisibaki swali. Mtungi wetu una methani 2.5%, oksijeni 18%, kaboni monoksaidi 100 ppm (sehemu kwa milioni) na haidrojeni salfaidi 25 ppm, iliyobaki ni nitrojeni, na muda wake wa matumizi haujaisha. Regleta, yaani kifaa cha kudhibiti gesi inayotoka mtungini, ni ya chuma cha pua, inatoa nusu lita kwa dakika. Kwenye kifaa cha kwanza kilichoshindwa, oksijeni ilishuka kutoka 20.9 hadi 18.0, kaboni monoksaidi ikapanda hadi 98, haidrojeni salfaidi ikafika 24, na king'ora kikalia kwa hizo tatu. Methani ilibaki 0. Ilipaswa kufika 50, yaani nusu ya kiwango cha chini cha kulipuka, kwa kuwa kifaa kimewekewa kiwango hicho kuwa 5% ya methani hewani. Tuliacha gesi ipite dakika mbili nzima, namba haikusogea. Vihisi vitatu vya jirani viliipata gesi kutoka mtungi uleule, kwa mpira uleule wa kupitishia gesi na kofia ileile ya kufunikia vihisi. Kwa hiyo si mtungi mtupu wala mpira uliochomoka.

Tulipopiga simu, fundi wenu alijibu kwamba kifaa kikiwashwa kwenye hewa safi kikasoma 20.9 ya oksijeni na sifuri kwingine kote, basi ni kizima. Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika barua hii, maana kasoro ya kifaa kimoja hurekebishika, lakini fundi wa ugezi mwenye imani hiyo ataendelea kuachia vifaa vibovu kila wiki.

Kihisi cha gesi zinazowaka kina shanga mbili ndogo za kauri, kila moja imefunika koili ya waya mwembamba wa platini. Moja ina kichocheo, yaani kitu kinachoisaidia gesi kuungua, nyingine haina. Umeme unazipasha joto la karibu nyuzi 500 za Selsiasi. Gesi ikiingia, inaungua juu ya ushanga wenye kichocheo tu. Ushanga huo unazidi kupata moto, ukinzani wa waya wake unapanda, na tofauti kati ya shanga hizo mbili ndiyo namba inayoonekana kwenye kioo. Sasa kichocheo kikifunikwa, gesi haiungui. Shanga zote mbili zinakaa kwenye joto moja, tofauti haipo, kioo kinaandika 0. Waya haujakatika na umeme unapita kama kawaida, hivyo hata ukaguzi ambao kifaa hujifanyia kinapowashwa hauoni kasoro. Sifuri ya hewa safi na sifuri ya kihisi kilichokufa zinafanana kabisa. Kihisi cha oksijeni kikichoka, kwa kawaida namba yake hushuka na king'ora kinalia chenyewe. Hiki cha methani, pamoja na vile vya gesi za sumu, hufa kimya. Njia pekee ya kujua ni kukipa gesi na kuangalia kama kinaitikia.

Kilichokifunika kichocheo chetu tunadhani tunakijua. Fomu ya kazi mliyotuma pamoja na vifaa ina mstari unaosema kwamba baada ya ugezi mipira ya kuzuia maji ilipuliziwa dawa ya silikoni na maganda yaling'arishwa. Ukishika mpira wa kifaa mojawapo, vidole vinateleza hadi sasa. Mvuke wa silikoni ukifika kwenye ushanga wa moto huvunjika na kuacha tabaka la silika, kitu cha jamii ya kioo, na tabaka hilo haliondoki kwa hewa safi wala kwa ugezi mpya. Misombo ya salfa na ya klorini nayo hukidhoofisha kihisi, lakini hapo mara nyingine kinajirudi baada ya kukaa kwenye hewa safi. Kwa silikoni suluhisho ni kubadilisha kihisi. Kuna mambo mawili yanayowezekana: ama dawa ilipuliziwa baada ya ugezi na kuua vihisi vilivyokuwa vizima, ama methani haikupitishwa kabisa kwenye vifaa hivyo vitatu na cheti kikaandikwa kwa kuangalia sifuri. Kihisi kilichokufa hakikubali ugezi. Kifaa hukataa na kuandika kosa. Vyovyote iwavyo, tatizo limetokea mezani kwenu.

Hivi viwili vya haidrojeni salfaidi vina habari yake. Kwa gesi ya 25 ppm, kimoja kilisoma 38 na kingine 41. Mtu anaweza kusema kuzidisha si hatari, lakini king'ora kinacholia ovyo ndicho watu hujifunza kukipuuza. Kilichotushtua ni kwamba kwa mujibu wa saa zilizo kwenye vyeti, hivyo viwili ndivyo vilivyotangulia asubuhi ile. Haidrojeni salfaidi hunata kwenye shaba na kwenye mpira wa kawaida. Mkianza kazi kwa regleta ya shaba au mpira usiofaa, gesi ya mwanzo humezwa njiani. Kihisi kinapata pungufu, na kifaa kinaambiwa kwamba hiyo pungufu ndiyo 25. Njia ikishashiba, vifaa vinavyofuata vinatoka sawa. Mtungi uliopitwa na wakati nao huleta kosa la namna hiyo, ila ungeviharibu vyote 12.

Vyeti vyenyewe havitusaidii kujua lililotokea. Havina usomaji wa kabla ya kurekebisha, havina namba ya mtungi wala tarehe yake ya mwisho, na havisemi kiwango cha chini cha kulipuka kilichukuliwa kuwa ngapi. Hilo la mwisho si dogo: wapo wanaotumia 5% kwa methani na wapo wanaotumia 4.4%. Mtungi wetu wa 2.5% ni 50 kwa hesabu ya kwanza, na karibu 57 kwa ya pili.

Vifaa hivi hushushwa kwenye matangi na mashimo ya maji taka kabla ya mtu kuingia: juu, katikati, chini, kwa kuwa methani hupanda na haidrojeni salfaidi hutulia chini. Pua haitegemewi, kwani haidrojeni salfaidi ikifika takriban 100 ppm uwezo wa kunusa unapotea. Mtu akishasubiri vizuri na kuona sifuri, ataingia.

Tunaomba mbadilishe vihisi vitatu vya methani bila malipo, na vile vya zamani mturudishie katika mifuko iliyofungwa. Ugezi wa vifaa vyote 12 urudiwe, si hivi vitano tu, kwa mtungi ambao muda wake haujaisha, regleta ya chuma cha pua na mpira usiomeza gesi, kisha kila kifaa kijaribiwe kwa methani mara ya mwisho kabla ya kufungwa. Tunasisitiza methani, si propani wala pentani, kwa sababu kihisi kilichoanza kupata sumu hupoteza methani kwanza huku kikiendelea kuitikia gesi nyingine. Silikoni iondolewe kabisa kwenye meza ya matengenezo, pamoja na losheni za mikono zenye silikoni. Vyeti vipya vionyeshe usomaji wa kabla na wa baada.

Ombi moja si kwa ajili yetu. Vifaa vya wateja wengine vilivyopita kwenye meza hiyo wiki ileile huenda viko kazini sasa hivi. Wapigieni simu leo, wavipulizie gesi kabla hawajavitumia.

Vitano vyetu tumevizima na kuvifunga lebo nyekundu, na kazi zote za ndani ya matangi zimesimama hadi mtuletee vya kuazima. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 3 za kazi.

Wenu katika kazi,
Kitengo cha Usalama na Vipimo